Saini ya Pili

Mama Jokébed Kavuo alifundisha darasa la tatu kwa miaka ishirini na sita katika shule za kanisa, kwanza Vuhovi alikozaliwa, kisha Butembo mjini. Waliopita mikononi mwake wanamkumbuka kwa jambo moja: hakuwahi kumpa mwanafunzi alama bila kuitaja mbele ya darasa zima. Wazazi waliomwendea nyumbani na kuku kwapani, wakitaka mtoto asogezwe mbele, waliondoka na kuku wao. Alikuwa mfupi, sauti yake kubwa kuliko mwili wake. Mumewe alipofariki mwaka 1994, alibaki na nyumba ya matofali upande wa Rughenda, cherehani moja, na binti aliyeolewa Lubero.

Sifa hiyo ya ukweli ndiyo iliyomfikisha kwenye baraza la Huduma ya Rehema. Hiki kilikuwa chombo cha parokia kadhaa za Anglikana za Butembo na Beni: zahanati ndogo, shule ya ushonaji, na msaada kwa watu waliokimbia vita. Kiliongozwa na baraza la watu saba. Mwaka 1999 rais wa baraza aliondolewa kwa aibu, baada ya mablanketi ya wakimbizi kuonekana juu ya vitanda vya wakwe zake. Kanisa lilihitaji mtu ambaye hakuna aliyeweza kumsema vibaya. Wakamchagua mwalimu Jokébed, na tangu siku hiyo mji mzima ukamwita Mama Présidente.

Katika kikao chake cha kwanza alileta wazo lake.

"Kwetu mtu akitaka kuoa, tunamtangaza kanisani Jumapili tatu," alisema. "Tunauliza kama kuna anayejua kizuizi. Basi anayeomba blanketi naye atangazwe hivyo hivyo."

Siméon Kahongya, makamu wake, mfanyabiashara wa mabati na misumari, alicheka hadi akakohoa. "Mama, unataka kuoza batu na mablanketi?"

"Ndiyo. Na mwenye pingamizi aseme kabla ya harusi."

Likapita. Jokébed akaongeza masharti yake, kwa sababu alijua ujanja wa watu: mume kujiandikisha parokia moja na mke parokia nyingine. Kila nyumba iandikwe kwa jina la baba wa nyumba, jina la kweli kama lilivyo kwenye kadi ya ubatizo au kitambulisho. Kando yake uandikwe mji alikotoka na jina la aliyempokea. Siku ya kugawa, baba wa nyumba aje mwenyewe. Katibu wa baraza, mwalimu mwenzake Phinées Sikuli, akayaandika yote kwa Kifaransa safi katika kumbukumbu za kikao, zile ambazo huku kila mtu huziita PV.

Haifai kusema kwamba utaratibu ule ulikuwa mbaya tangu mwanzo. Kwa miaka mitatu ulifanya kazi. Katika parokia ya Mtakatifu Epafra, mtu mmoja alisomwa kuwa fukara, na bibi mmoja akasimama katikati ya viti akasema, "Huyu? Huyu ana ng'ombe tisa Lubero!" Kanisa likacheka, jina likafutwa. Wageni wa ng'ambo waliosaidia Huduma walikuja, wakasikiliza, wakaandika. Jokébed alisoma majina yeye mwenyewe, wima, pasipo miwani, na hakuna aliyelala wakati akisoma.

Mwishoni mwa mwaka 2002 vita vya upande wa Ituri vilisukuma watu kuja kusini. Walifika Eringeti, na Eringeti nayo ilipoanza kusikia milio ya bunduki, wenyeji wake wakaungana na wageni wao katika njia ya Beni. Wengine hawakusimama hadi Butembo na vijiji vyake. Huduma ya Rehema ikaandika nyumba themanini na nne.

Jumamosi ya tarehe 11 Januari 2003, kabla ya Jumapili ya kwanza ya kusoma, mwanamke mmoja kijana alibisha mlango wa ofisi kando ya kanisa. Aliitwa Agar. Mgongoni alikuwa na mtoto wa miezi miwili.

"Mama Présidente, samahani. Kwa ile liste ya kesho, jina ya bwana yangu iko ndani?"

Jokébed akapitisha kidole. "Iko. Namba makumi tatu na mbili. Kakule Élysée wa Eringeti, anakaa Vuhovi kwa Vagheni wa matofali."

"Ninaomba usiisome."

"Juu ya nini?"

Agar akaukaza mbeleko. "Mama, soma yangu tu. Agar. Hata mimi niko mutu."

"Uko mutu, lakini hauko kichwa ya nyumba. Nikisoma yako, ba-mama wengine wote batakuja na yao. Jina yenye haisomwe haipate blanketi. Ni sheria, mwanangu, na sheria haina ndugu."

"Basi muniandike mujane."

"Bwana yako alikufa?"

"Hapana."

"Na unataka niseme uongo mbele ya altari?"

 Vuhovi kuna baridi mwezi ule, na walikuwa wakilala juu ya majani ya ndizi katika banda la kukaushia matofali. Mtoto alikohoa, mara moja, kisha tena.

"Basi soma," Agar akasema, akatoka.

Jokébed hakumuuliza mara ya pili kwa nini. Wakati ule kijana aliyeficha jina lake hakuwa na sababu nyingi. Jeshi la waasi lililoshika eneo lile lilikuwa likiwakamata vijana njiani na kuwapa bunduki, na wengine walitoroka wakarudi kwa wake zao. Kila mtu alilijua hilo. Jokébed naye alilijua, na baadaye hakuwahi kulikana. "Nilijua," alikuwa akisema. "Nilijua, nikajifanya sijui, kwa sababu liste yangu ilikuwa nzuri."

Akasoma Jumapili ile, na Jumapili iliyofuata. Hakuna aliyeleta pingamizi.

Jumanne, tarehe 21, Hassan alileta mablanketi kutoka Beni. Hassan alikuwa Mwislamu wa Beni, msafirishaji, mwenye lori ambalo Huduma ililikodi mara kwa mara. Alikuwa mtu wa mizaha, na alimheshimu Jokébed kama mama yake mkubwa.

"Mama, kumbe mwaka huu nyumba ni makumi munane na ine," alisema huku akifungua kamba za turubai.

"Nani alikuambia?"

"Nani hakuniambia? Jumapili munasoma hapa, Jumatatu iko kwa parking ya Beni. Banaisoma kama gazeti. Hata basoda ba barrière banaijua." Akacheka. "Moja aliniambia: Banglikana ni batu bazuri, banatufanyia kazi bila mushahara."

Jokébed hakucheka. Alisimama na blanketi moja mkononi, kisha akamuuliza Hassan ni askari yupi, wa kizuizi gani, alisema hivyo lini. Hassan naye akaacha kucheka. Jokébed akamtuma mlinzi wa ofisi kwa Siméon na Phinées, akiwaomba kikao cha haraka Ijumaa.

Jumatano asubuhi askari sita walifika kwa mzee Vagheni, Vuhovi. Mzee huyo alimsimulia Jokébed yote siku iliyofuata. Élysée alikuwa shimoni, akikanyaga udongo wa matofali. Kijijini pale alijiita Katembo. Jina la Kakule Élysée hakuna aliyelijua pale isipokuwa mkewe na katekista aliyelinakili kutoka kadi yake ya ubatizo hadi kwenye orodha.

"Banauliza: Kakule Élysée wa Eringeti, anakaa kwa Vagheni wa matofali," alisema mzee. "Hivyo hivyo, Mama Présidente, maneno yako yote, hata mpangilio ni wako. Nikabaambia hapa hakuna Kakule. Lakini kijana akasikia jina yake, akainua kichwa."

Walimfunga mikono kwa kamba ya mbuzi wa mzee mwenyewe, wakaondoka naye kuelekea njia ya Beni.

Kikao cha Ijumaa kilifanyika ofisini. Wajumbe wote saba walikuwapo, mmoja wao mchungaji aliyefungua kwa sala ndefu. Jokébed alieleza habari ya Vuhovi bila kupunguza neno, hata la Agar na ombi lake. Kisha akasema anataka kusoma majina kukome, kuanzia Jumapili ile.

 Siméon ndiye aliyejibu kwanza.

"Mama, pole. Pole sana. Mais, lakini tufikirie. Umesoma Jumapili mbili. Ukiacha ya tatu, batu batauliza ni nini tumeficha. Hizo nyumba zingine makumi munane na tatu, batasema tumezikula."

"Zingine nazo ziko na majina, Siméon. Unajua ni bangapi kati yao banajificha?"

"Sijui. Wewe unajua?"

Hata Jokébed hakujua, na orodha haikuwa na nafasi ya kuandika jambo kama hilo.

"Na wageni wetu banakuja mwezi wa tatu," Siméon akaendelea. "Bamesikia juu ya Jumapili tatu. Kwa ripoti yao bameandika kwamba hata huko kwingine bafanye vile. Tubaambie nini? Kama tulikosea miaka tatu?"

"Ndiyo. Tubaambie hivyo."

"Mama," akasema Siméon, sauti yake ikishuka, na hakuwa na uovu ndani yake, "ni wewe ulitufundisha."

Wakapiga kura kwa kuinua mikono. Mikono mitano ilitaka kusoma kuendelee. Mkono wa Jokébed ulibaki peke yake, na Phinées, kama katibu, hakuinua wowote. Aliandika: "Kikao kimekubali kuendelea na utaratibu wa uwazi." Jokébed akatia saini, maana rais hutia saini hata uamuzi alioupinga.

Kwa hiyo tarehe 26 Januari alisimama tena. Angeweza kumwachia Siméon karatasi, na wengi walidhani angefanya hivyo. Alisoma mwenyewe. Aliamini kwamba kuliruka jina la Élysée kungekuwa kuwaambia wote kwamba kuna jambo, na labda kumwongezea kijana kosa huko alikokuwa. Alipofika namba thelathini na mbili alilisoma kwa sauti ile ile. Agar alikuwa kiti cha nyuma. Aliinuka, akatoka na mtoto wake katikati ya ibada.

Alhamisi mablanketi yaligawiwa, na chumvi, na mbegu za maharagi. Agar alipanga mstari tangu asubuhi. Mgawaji akamtazama, akatazama karatasi.

"Kakule Élysée iko wapi?"

"Hayuko."

"Baba ya nyumba anakuja mwenyewe. Soma pale ukutani, mama."

Jokébed hakuwapo, siku hiyo alikuwa zahanati ya Beni kwa kazi ya baraza. Aliporudi alikuta katika kitabu cha ugawaji, mbele ya namba thelathini na mbili, neno moja la Kifaransa: absent, yaani hayupo. Akatoa blanketi mbili kitandani kwake, akatembea hadi Vuhovi. Mzee Vagheni akamwambia Agar ameshaondoka. Alikuwa amesikia kwamba wafungwa wa jeshi wako Beni.

Mwezi wa tatu Jokébed alisafiri na lori la Hassan hadi Beni, akamtafuta Agar siku mbili. Hassan ndiye aliyempata, kupitia kwa dada yake Aisha aliyeuza vitenge sokoni. Agar alikuwa akichambua kahawa katika ghala la mfanyabiashara mmoja, wanawake thelathini wameketi chini, kila mmoja na ungo wake. Alipomwona Jokébed hakuacha kuchambua.

"Nimekuja kukuomba musamaha," Jokébed akasema, akiwa amechutama mbele yake kama mzazi anayeenda kuomba mchumba.

"Musamaha nitaupika?"

Wanawake wa karibu wakainamisha vichwa. Agar akatupa punje nyeusi kando.

"Sikia, Mama Présidente. Iko mulinzi moja aliniambia Élysée iko hai. Iko kwa cachot, ile nyumba ya kifungo nyuma ya bureau ya usalama. Nimeenda mara ine. Banasema hatujui hiyo jina. Banasema: leta karatasi ya service ao shirika yenye inajulikana, iseme huyu mutu aliishi Vuhovi, aliishi na jina hii, na alikamatwa siku gani. Na mimi niko na karatasi gani? Ile jina ya kweli na Vuhovi pamoja ziko kwa liste yenu tu."

"Nitakuletea."

"Upesi. Banasema batabahamisha kabla ya Pasaka. Kwa mafronti, kwa vita."

"Nitakuletea, mwanangu."

"Mimi si mwanao," Agar akasema, akaendelea na kahawa yake.

Jokébed alirudi Butembo akiwa na jambo moja tu kichwani. Aliandika karatasi hiyo kwa mkono wake, mistari tisa. Ilisema kwamba Kakule Élysée alikuwa kwenye orodha ya Huduma ya Rehema. Kwamba Huduma ililisoma jina na makao yake hadharani tarehe 12 na 19 Januari. Kwamba tarehe 22 Januari alikamatwa Vuhovi na askari waliomtaja kwa maneno yale yale. Akaipeleka kikaoni. Mjumbe mmoja hakuja.

Siméon aliisoma mara mbili, akaivua miwani yake.

"Mama, andika kama alikuwa mukimbizi wetu. Ile ya kusoma, toa. Ile ya basoda, toa."

"Nikitoa hizo, inabaki nini? Banataka kujua alikamatwa siku gani."

"Inabaki Huduma! Zahanati inabaki! Hawa batu banaweza kufunga mlango yetu kesho. Bamama bangapi banazaa kwa ile zahanati kila mwezi? Uliza muuguzi hapa. Nifunge zahanati juu ya mutu moja?"

"Tuliyemuuza ni mutu moja, Siméon. Hatukuuza mia."

"Hatukuuza mutu!" Siméon akapiga meza. "Tulisoma liste. Ulisoma liste."

Muuguzi wa zahanati, naye mjumbe wa baraza, alikuwa akitazama mikono yake. Kweli, wanawake kumi na tano hadi ishirini walijifungua katika zahanati ile kila mwezi, na kweli milango ya watu ilikuwa ikifungwa wakati ule kwa sababu ndogo zaidi. Mchungaji akasema jambo hili liombewe kwanza. Jokébed akamgeukia katibu.

"Phinées, wewe ulifundisha darasa lililo kando ya langu miaka kumi na moja. Saini tu. Mimi na wewe, rais na katibu. Kwa statuts, sheria za Huduma, hao wawili wanatosha."

Phinées alikuwa mtu mpole, mwenye mwandiko mzuri na watoto saba. Alifunika kalamu yake.

"Mama, saini yangu si yangu. Ni ya kikao."

Kikao kikakataa, watano kwa mmoja, na safari hii mkono wa Phinées ulikuwa kati ya ile mitano.

Asubuhi yake Jokébed alifungua kabati la ofisi, akachukua muhuri wa Huduma, akaupiga chini ya mistari yake tisa, akatia saini yake peke yake. Siku hiyo hiyo alikuwa barabarani. Alimpata Agar, wakaenda pamoja hadi ofisi ya usalama, wakasubiri juani tangu saa tatu hadi saa nane.

Ofisa aliyewapokea hakuwa mkali. Alikuwa kijana aliyesoma, na mezani kwake palikuwa na majalada yaliyopangwa vizuri. Aliisoma karatasi yote, akainua macho mara moja alipofika sehemu ya askari, kisha akatoka chumbani. Aliporudi alikuwa na jalada lenye jina la Huduma ya Rehema. Kila shirika lilikuwa limejiandikisha kwa utawala ule wa waasi na kuacha nakala ya sheria zake. Huduma nayo, mwaka 2001, na saini ya kwanza katika jalada lile ilikuwa ya Jokébed mwenyewe.

"Article kumi na ine," akasema. "Karatasi yote ya kutoka nje inabeba saini mbili: rais na katibu. Hapa naona moja. Hii ni barua ya mama mumoja, si attestation, si cheti ya Huduma."

"Mimi ndiye rais," Jokébed akasema.

"Najua, mama. Nakujua. Unasomaka vizuri." Akamrudishia karatasi. "Lete ya pili."

Nje, Agar hakulia wala hakupiga kelele. Alimuuliza Jokébed neno moja: "Ulijua kama ni mbili?"

Jokébed alijua. Alikuwa ametumaini kwamba muhuri ungewatosha. Alijibu kwamba alijua, na Agar akamwacha pale barabarani.

Alirudi Butembo jioni ya siku ya pili, akaenda moja kwa moja nyumbani kwa Phinées. Habari ilikuwa imemtangulia, na Phinées hakutaka kusaini. Wiki iliyofuata baraza lilimsimamisha kwa kutumia muhuri bila idhini, na Siméon akakaa mahali pake. PV ya siku hiyo ilimshukuru kwa "juhudi zake katika kuimarisha uwazi". Phinées aliiandika, na chini yake zilikuwapo saini mbili.

Pasaka ya mwaka ule ilikuwa tarehe 20 Aprili. Siku kumi kabla yake mlinzi yule yule alimwambia Agar kwamba cachot imebaki tupu. Wafungwa wamepakiwa kwenye lori kuelekea kaskazini, na yeye hakujua majina. Habari za Élysée zinaishia hapo. Hakuna mtu aliyerudi kusema alimwona amekufa, na hakuna aliyesema alimwona hai.

Ingekuwa rahisi kuandika kwamba Jokébed alivunjika. Hakuvunjika, alizeeka tu. Alishona sare za shule kwa cherehani yake, na kila mwezi, tarehe moja, saa za masomo zikiisha, alikwenda shuleni kwa Phinées na karatasi yake katika bahasha. Phinées alimkaribisha, akammiminia chai, akauliza habari za binti yake wa Lubero.

"Saini, Phinées."

"Mama, tutaona kwenye kikao."

"Kikao gani? Mimi siko tena kikaoni."

"Basi nitaleta mimi."

Hakuleta. Alikuwa akiogopa, kwanza jeshi, kisha Siméon, kisha aibu ya kukiri kwamba aliogopa. Vita vilitangazwa kumalizika katikati ya mwaka 2003. Waasi wakaingia serikalini, askari wao wakavaa sare mpya. Wanafunzi wa Phinées walimzoea bibi mfupi mwenye bahasha, wakampa jina: Mama Tarehe Moja. Naye alilijua jina hilo, hakulikataza. Kanisani majina yaliendelea kusomwa Jumapili tatu, kwa sauti ya Siméon, na parokia nyingine mbili ziliiga. Katika Jumapili hizo Jokébed alisali nyumbani.

Mwaka 2006 Huduma ya Rehema ilifungwa kwa karatasi na kufunguliwa tena kwa karatasi: jina jipya, sheria mpya, baraza jipya, muhuri mpya, kama wafadhili walivyotaka. Phinées hakugombea tena. Mwezi Septemba, tarehe moja, Jokébed alipofika, alimkuta ameshatoa kalamu.

"Lete, mama."

Akatia saini. Akafungua droo, akatoa muhuri wa zamani uliokuwa ukingoja kuharibiwa, akaupiga tena juu ya ule wa kwanza uliofifia. Mwandiko wake ulikuwa bado mzuri.

"Sasa haimuumize mutu," akasema, kama mtu anayetoa zawadi.

"Ndiyo sababu umesaini," Jokébed akamjibu. Chai yake aliiacha mezani.

Alikwenda Beni kesho yake. Lile jengo la usalama lilikuwa limepakwa rangi, ndani wakiuza simu na kadi za simu. Agar alikuwa akiishi pembeni mwa mji, upande wa njia ya Eringeti, katika chumba kimoja chenye shamba dogo la maharagi mbele. Mtoto wake, msichana, alikuwa na miaka karibu minne. Hakuwa ameolewa tena. Wazee wa ukoo wa Élysée hawakukubali kumhesabu mjane bila maiti wala karatasi, na mke wa mtu aliyepotea hawezi kutolewa posa.

Agar aliipokea bahasha akiwa wima mlangoni, mikono yake na udongo. Aliisoma mistari yote tisa polepole, akifuata kwa kidole, hadi chini kwenye majina mawili.

"Sasa muko babili," akasema.

"Ndiyo."

"Na niipeleke wapi?"

 Njia nzima Jokébed alikuwa amelitafuta jibu la swali hilo. Alianza kusema kwamba labda wazee wa ukoo wataikubali, labda mahakama, lakini Agar alikuwa ameshaikunja karatasi mara mbili na kuitia kifuani, ndani ya nguo, akarudi shambani kuchukua jembe lake.

"Ukitoka funga lango, mama," akasema bila kugeuka. "Mbuzi za jirani zinaingiaka, zinakula maharagi."

Jokébed akatoka, akalifunga lango kwa kamba, mafundo mawili, akaenda kutafuta gari la kurudi Butembo.